Kanuni za Mtindo katika Nathari ya Magazeti ya Kiswahili: Chimbuko na Tathmini

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia ushairi kwa kina na mapana, na kwa miongo kadhaa umeishughulikia pia riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Nathari ya magazeti, ambayo humfikia hata msomaji asiyenunua kitabu, imebaki pembezoni. Aghalabu hutajwa kwa lawama tu: kwamba ina makosa ya sarufi, kwamba inatafsiri Kiingereza neno kwa neno, kwamba inaharibu lugha. Lawama hizo zina ukweli, lakini hazielezi jambo la msingi. Nathari hiyo ina kanuni zake, na kanuni hizo zina historia.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari hufundishwa kanuni hizo mapema. Aseme jambo kuu kwanza. Atumie sentensi fupi. Ataje aliyesema. Aepuke kauli ya kutendwa. Asitie maoni yake katika habari. Orodha hii huwasilishwa kana kwamba haikuzaliwa mahali popote wala wakati wowote. Makala haya yanadai kwamba kanuni za nathari ya magazeti ya Kiswahili zilitoka katika vyanzo vitatu: kamati ya lugha, iliyoamua tahajia na msamiati; meza ya habari ya Kiingereza, iliyoamua mpangilio wa habari na umbo la sentensi; na sikio la msomaji wa Kiswahili, lililoamua adabu ya lugha. Vyanzo viwili vya kwanza vilikuwa na vitabu. Cha tatu, kwa upande wa nathari, hakikuwa nacho. Matokeo yake ni kwamba kanuni za sentensi zilizokusudiwa kumfichua mtenda ziliingia katika Kiswahili bila kuziba mianya ambayo Kiswahili chenyewe humfichia mtenda.

Magazeti ya mwanzo, 1888–1923

Gazeti la Kiswahili lilizaliwa shuleni. Msimulizi lilianza mwaka wa 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Waanglikana iliyokuwa imekwisha kujenga mila ya uchapishaji tangu enzi za Askofu Edward Steere, mtunzi wa kitabu maarufu cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka wa 1870. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Kiongozi lilianza kutoka Tanga mwaka wa 1904 likihusiana na shule ya serikali, na mwaka wa 1910 yakafuata Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki.

Waandishi wa magazeti haya walikuwa hasa walimu, wanafunzi na makarani. Walileta habari kutoka vituo vyao kwa njia ya barua, na barua ndiyo iliyozipa habari hizo umbo. Barua huanza na salamu, hufuata mkondo wa matukio kama yalivyotokea, na humalizia kwa dua au kwa kuaga. Kitenzi chake ni kile cha msimulizi wa hadithi, yaani -li- ya kufungulia jambo na -ka- ya kulifuatisha: mvua ilinyesha, mto ukafurika, daraja likachukuliwa na maji, watu wakakwama. Katika mpangilio huu sababu hutangulia na matokeo hufuata, na msomaji hufika kwenye habari kuu akiwa ameandamana na msimulizi tangu mwanzo.

Ni rahisi kuona mtindo huo kuwa wa kale na wa polepole. Hata hivyo ulikuwa na nguvu moja ambayo ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Mfuatano wa -ka- humsukuma msimulizi kumtaja mtenda wa kila tendo, kwa kuwa kila kitenzi hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli ya kiima chake. Anayesimulia kwa -ka- hawezi kuruka hatua moja bila pengo hilo kusikika.

Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mnamo Januari 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilirithi umbo hilo na kulipanua. Ndani yake zilikutana habari za serikali, mafundisho ya kilimo na afya, barua za wasomaji na mashairi, yakiwemo ya Shaaban Robert. Kiswahili cha maandishi kikapata jukwaa la kila mwezi ambamo mtu wa pwani na mtu wa bara waliweza kusomana. Kusomana huko ndiko kulikozua swali la kanuni: Je, waandike Kiswahili kipi?

Kamati na sheria ya tahajia

Jibu lilitolewa na wakuu wa serikali za kikoloni. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikiwakilisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Frederick Johnson alikuwa katibu wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kulinganisha tahajia, sarufi na msamiati, na kuidhinisha vitabu vya shule. Wajumbe wa miaka ya mwanzo hawakuwa Waafrika.

Mamlaka ya Kamati yalihusu vitabu zaidi kuliko magazeti, lakini athari yake kwa magazeti ilikuwa kubwa. Msomaji aliyefunzwa kusoma kwa vitabu vya Kamati alilitazamia gazeti liandike kama vitabu hivyo. Kamusi zilizofuata katika miaka ya 1930 zikawa ndizo mwamuzi mezani pa mhariri. Faida yake isipuuzwe: tahajia moja iliwezesha gazeti moja kusomwa Kisumu na Kigoma.

Gharama yake ililipwa zaidi na pwani ya kaskazini. Mwandishi wa Mombasa aliyesema mato aliambiwa aandike macho. Tofauti za matamshi zinazobagua maana katika Kimvita na Kiamu zilikosa alama katika tahajia mpya, kwa hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni wakaandikwa sawasawa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka wa 1932, aliandika kutoka katika mila nyingine kabisa ya usomi, yenye misingi katika lahaja za pwani na elimu ya Kiislamu, ambayo haikuhitaji idhini ya Kamati ili iwe na ufasaha. Manung'uniko ya upande huo yalipata sauti ya kitaaluma mwaka wa 1977, pale Abdallah Khalid alipochapisha hoja yake kwamba Kiswahili kilikuwa kimenyakuliwa na Wazungu. Mwaka huohuo Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walitoa Historia ya Kiswahili.

Mjadala huo umeandikwa sana na hauna haja ya kurudiwa hapa. La kuzingatia ni kwamba ulihusu neno na herufi. Pande zote mbili zilishindana juu ya namna ya kuliandika neno. Habari na sentensi zake zipangwe vipi, ni swali ambalo halikugombaniwa kwa ukali huo. Wakati wanaisimu wakibishana mlangoni, kanuni za sentensi ziliingia kwa dirishani.

Meza ya habari

Dirisha hilo lilikuwa chumba cha habari cha gazeti la biashara. Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka wa 1939 na kampuni iliyochapisha East African Standard, na katika miaka yake ya mwanzo lilihaririwa na Francis Khamisi. Taifa Leo lilianza kutoka kila siku mwaka wa 1960, mwaka ambao Daily Nation nalo lilianza, chini ya kampuni moja. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza kutangaza kutoka London mnamo Juni 1957. Katika vyumba hivyo vyote Kiswahili kiliketi jirani na Kiingereza, na mara nyingi chini yake: habari za mashirika ya kimataifa zilifika kwa Kiingereza, taarifa nyingi za serikali zilitolewa kwa Kiingereza, na mwandishi wa Kiswahili alitakiwa azifasiri kabla mtambo haujaanza kuchapa.

Pamoja na habari hizo zilikuja kanuni zake. Mpangilio unaofananishwa na piramidi iliyopinduliwa, ambamo jambo zito huwekwa juu na mepesi hufuata ili mhariri aweze kukata kutoka chini, ulikomaa Marekani baada ya nusu ya karne ya 19. Katika karne ya 20 kanuni zikaanza kukusanywa vitabuni. William Strunk alitoa mwongozo wake mfupi wa mtindo mwaka wa 1918. Gazeti la Manchester Guardian likawa na mwongozo wake mwaka wa 1928. Shirika la Associated Press likachapisha wake mwaka wa 1953. George Orwell, ambaye aliwahi kuitumikia BBC kati ya 1941 na 1943, alitoa mwaka wa 1946 insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, akiorodhesha kanuni sita, mojawapo ikimhimiza mwandishi asitumie kauli ya kutendwa pale ambapo kauli ya kutenda inawezekana.

Ni haki kuikumbuka nia ya kanuni hizo. Orwell hakuwa akipamba sentensi. Alikuwa akiandika baada ya vita vilivyoua mamilioni, akiona jinsi lugha ya serikali ilivyotumika kuyafunika mauaji kwa maneno baridi. Kumtaja mtenda kulikuwa kwake suala la uadilifu. Kanuni hiyo ilipofika katika vyumba vya habari vya Afrika Mashariki, na baadaye katika vyuo kama Shule ya Uanahabari ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 1970, ilifika ikiwa imefungwa ndani ya sarufi ya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili alifundishwa uandishi kwa Kiingereza, kisha akaachiwa mwenyewe kazi ya kuvuka.

Kanuni zilizopwaya

Kanuni ya kauli ya kutendwa ndiyo inayodhihirisha tatizo hili vizuri zaidi. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, mlango ulivunjwa, na kina kauli ya kutendeka, mlango ulivunjika. Ya kwanza haimtaji mtenda lakini inakiri kwamba yupo. Msomaji huuliza mara moja, ulivunjwa na nani? Ya pili inamfuta mtenda kabisa, na mlango unakuwa kama uliojivunjikia. Baina ya nyumba zilibomolewa na nyumba zilibomoka pana tofauti ya kisiasa, wala si ya kimtindo tu. Vivyo hivyo baina ya fedha zilipotezwa na fedha zilipotea. Mhariri aliyekariri kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya atailazimisha sentensi ya kwanza irekebishwe na ataiachilia ya pili ipite, ilhali ya pili ndiyo yenye hatari. Kanuni iliyotungwa ili kumtoa mtenda hadharani inaishia kumsaidia ajifiche.

Aidha, kipashio na kina kazi mbili zinazokinzana katika sentensi ya namna hii. Mtu akisoma kwamba mwanafunzi alikamatwa na mwalimu wake, hana njia ya kujua kama mwalimu ndiye aliyekamata au kama naye alikamatwa. Kiingereza hakina utata huo, kwa hivyo miongozo yake haiutaji. Kanuni inayohitajika ni nyepesi: panapokusudiwa uandamani, iandikwe pamoja na.

Nafsi ya tatu ni mfano mwingine. Kiswahili hakibagui jinsia katika kiambishi a-, jambo ambalo ni fahari kwake, lakini habari yenye watu wawili au watatu hupotea upesi. Sentensi alimwambia kwamba angemshtaki yaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Mtindo wa Kiingereza wa kuepuka kurudia jina, ambao humfanya mtu mmoja aitwe mbunge, kisha mwanasiasa huyo, kisha baba huyo wa watoto wanne, ukifuatwa katika Kiswahili humfanya msomaji adhani kwamba wanazungumziwa watu watatu. Katika habari ya mahakama kosa hilo laweza kumvika asiye na hatia vazi la mshtakiwa. Kiswahili hakikirihiki kwa marudio ya jina; masimulizi yake ya jadi yamejaa marudio.

Kanuni ya sentensi fupi nayo huyumba inapopimwa kwa idadi ya maneno. Neno walipotuambia limebeba mtenda, wakati, kirejeshi, mtendewa na tendo. Kiingereza kingehitaji maneno kadhaa. Sentensi ya Kiswahili yaweza kuwa fupi kwa hesabu na nzito kwa mzigo. Kwa upande mwingine, uzito wa habari nyingi hautoki katika vitenzi. Unatoka katika mnyororo wa -a unganifu: mkutano wa kamati ya uchunguzi ya bodi ya shule ya msingi ya kijiji. Mnyororo huo ni kivuli cha majina yaliyorundikwa katika Kiingereza. Dawa yake si kuhesabu maneno. Dawa ni kurudisha kitenzi: kamati iliyoundwa na bodi ya shule ilikutana.

Katika tafsiri ya saa mtindo na ukweli hukutana ana kwa ana. Saa nne asubuhi ya Kiswahili ni saa inayoandikwa kwa tarakimu 10.00 katika taarifa ya Kiingereza. Mfasiri aliyeharakishwa akiandika saa kumi ameihamisha ajali kutoka asubuhi hadi alasiri. Hakuna mwongozo wa Kiingereza uliolazimika kulionya hilo.

Vitenzi vya kuripoti vinahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo. Alisema haina upande. Alidai hutia shaka. Alikiri humfanya msemaji kuwa mkosaji. Alifichua huthibitisha kwamba lililosemwa ni kweli. Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa ni hatua tatu tofauti katika safari ya haki. Nazo inadaiwa na inasemekana, zinazopendwa kwa kisingizio cha tahadhari ya kisheria, hazimkingi mtu. Tahadhari ya kweli humtaja msemaji: polisi walisema, jirani alisema. Inasemekana humwondoa aliyesema kama vile ulivunjika unavyomwondoa aliyevunja.

Mtu aweza kupinga kwamba haya ni makuu kwa kazi inayofanywa kwa haraka usiku, na kwamba msomaji hujaza mapengo kwa akili yake. Ni kweli kwamba msomaji hujaza. Lakini hujaza kwa anachokijua au anachokiogopa tayari, na gazeti lililoachia pengo limekwisha kuacha kazi yake kwa uvumi.

Sikio la msomaji

Kuna mahali ambapo Kiswahili cha magazeti kilijitungia kanuni kutoka ndani. Mahali hapo ni ukurasa wa mashairi. Washairi wa magazeti waliuliza, waliitikiana, walisahihishana na kukosoana hadharani kuhusu vina na mizani. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Sheria hizo zilikuja kupingwa vikali katika mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na ule wa kisasa, lakini hata waliozipinga walikuwa na kitabu cha kupingana nacho. Nathari ya habari haikupata Amri Abedi wake katika zama hizo. Kanuni zake ziliishi katika kalamu ya mhariri, na mhariri alipostaafu, alistaafu nazo.

Hata hivyo sikio hilo lililokuzwa na ushairi liliacha alama katika habari. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupendelea wakati wa -a-: mvua yaua, waziri akana, walimu wagoma. Katika mazungumzo ya kila siku ya wasemaji wengi umbo hilo limepungua, lakini lilikuwa limehifadhiwa katika ushairi kwa sababu hiyohiyo inayolihitajisha katika kichwa cha habari, yaani kubana silabi. Hapa gazeti halikuazima kutoka Kiingereza; lilitumia hazina ya nyumbani. Utata wake mdogo, kwamba wapinga ushuru waweza kuwa kitendo au jina la watu, hutatuliwa na mhariri mwenye sikio.

Adabu ya lugha nayo ilitoka kwa msomaji. Gazeti la Kenya huandika Bw na Bi mbele ya jina la mtu. Katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno Ndugu lilichukua nafasi hiyo katika magazeti ya chama, likiwa na itikadi ndani yake. Kifo cha mtu huandikwa kwa kuchagua baina ya alikufa, alifariki na aliaga dunia, na msomaji husikia tofauti. Msamiati mpya nao hupita katika chujio hilo. Runinga, neno linalohusishwa na Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), lilishika mizizi nchini Kenya, ilhali Tanzania ilibaki na televisheni; Kenya iliandika tarakilishi, Tanzania kompyuta. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka wa 1967, lilipewa dhamana ya kuratibu mambo hayo upande wake wa mpaka. Kenya iliyaacha kwa vyombo vya habari na wanataaluma, na Chama cha Kiswahili cha Taifa kikaundwa mwaka wa 1998. Hata hivyo, jitihada nyingi za aina hiyo ziliendelea kuwa za istilahi. Swali la sentensi lilisubiri.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mgawanyo usio sawa. Neno la Kiswahili lilipata kamati, kamusi na mabaraza. Shairi lilipata sheria na waasi wa sheria. Sentensi ya habari, ambayo ndiyo humweleza raia nani alifanya nini na kwa amri ya nani, iliachiwa kanuni za ugenini. Kanuni hizo si mbaya. Nia yake ya uwazi, usahihi na uwajibikaji ni ya kila lugha inayotaka kuheshimiwa na wasomaji wake. Kilichokosekana ni kazi ya kuitafuta nia hiyo upya ndani ya sarufi ya Kiswahili: kuuliza ni wapi lugha hii, kwa maumbo yake yenyewe, huficha na ni wapi hufichua.

Kazi hiyo ni ya wahakiki na wanaisimu kama ilivyo ya wahariri. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lugha rasmi ndiyo ambayo kwayo dola huulizwa maswali. Mwongozo wa mtindo utakaofaa lugha hiyo hautaanza na onyo dhidi ya kauli ya kutendwa. Utaanza na tofauti ya silabi moja, kati ya mlango uliovunjwa na mlango uliovunjika, na utamtaka mwandishi asilale kabla hajajua ni upi ulio wa kweli.